Barua kwa mwanangu: jina ni lako

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Nkuhungu, sisi huku wazima. Ujumbe wako niliusoma mchana, nikausoma tena usiku mdogo wako alipolala. Unauliza kama ni haki akulipe hela ya gemu, maana aliingia kwenye akaunti yako, akaweka programu ya kuchiti, na akaunti uliyoijenga tangu sekondari imefungiwa kabisa. Uliwaandikia wenye gemu kwamba si wewe, ni mdogo wako. Wakakujibu kwamba akaunti ni yako.

Ya hela nitafika. Kwanza hilo jibu lao, maana naona ndilo lililokuuma. Mimi halikunishangaza. Jina likishaandikwa, anayeitwa ni mwenye jina.

Mdogo wako alitafuta kampuni yenye huruma zaidi, akaja mbio na simu kunisomea masharti ya Steam, wale wauza magemu wa mtandaoni wa Marekani. Mwaka 2024 walileta mfumo wa familia: watu hadi 6 wanaazimana magemu, kila mmoja na akaunti yake. Alisoma kwa sauti kubwa, akafika mahali sauti ikapungua. Nikamwambia endelea. Imeandikwa kwamba mwanafamilia akifungiwa kwa kuchiti huku akicheza nakala yako, nawe mwenye nakala unafungiwa kwenye gemu hilo. Huko hata nenosiri lako hana haja ya kulijua. Akanyamaza, akachukua ndoo, akaenda kuchota maji bila kutumwa.

Kisa cha daftari la Kibaigwa umekisikia nusu, ile nusu anayoisimulia mjomba wako. Babu yako alikuwa na ukurasa wake dukani, pale karibu na barabara ya Morogoro. Tulitumwa sukari na mafuta ya taa, mwenye duka anaandika, mavuno yakija babu analipa kwa mahindi. Mwaka huo alinichukua nikamsomee, kwa kuwa yeye herufi zilimpiga chenga. Nikasoma mbele ya watu: betri za redio, jozi moja. Soda. Biskuti. Betri tena. Na redio yetu ilikuwa imekufa tangu kabla ya mvua! Mjomba wako alisimama mlangoni na gunia begani, na kila nilichotaja alikuwa ananitazama mimi, wala si babu. Ningeruka mistari angepona. Sikuruka.

Babu hakuuliza nani. Alimwambia mwenye duka, “Jina ni langu, pima.” Yakapimwa madebe matatu zaidi ya tuliyopanga, na sare mpya niliyoahidiwa ikaishia humo.

Mwenye duka naye alikuwa na lake. Alimwona mtoto kwa macho, anamjua, angeweza kumuuliza nani amemtuma betri. Hilo nimebishana nalo miaka mingi. Lakini wenye gemu hawaoni sura ya mtu, wanaona akaunti. Wangekubali kila anayesema “ni mdogo wangu”, basi kila anayechiti angepata mdogo wa kumsingizia, na wale wanaocheza kwa haki wangecheza na nani? Kwa hiyo siwalaumu. Jina likishaandikwa, anayeitwa ni mwenye jina.

Halafu najipinga mwenyewe. Unakumbuka foleni za Januari 2020, watu wanahangaika na namba za NIDA, zile za kitambulisho cha taifa, na alama za vidole ili laini za simu zisizimwe? Laini anayotumia mdogo wako imesajiliwa kwa kidole changu. Akiitumia kutapeli watu, nitaitwa mimi, na nimekubali kwa kuwa mimi ni mama yake. Wewe si baba yake. Hukumzaa, ulimwachia tu acheze. Kubeba lawama mbele ya watu wa nje ni jambo moja. Kubeba na hasara ndani ya nyumba, peke yako, ni jingine.

Maana babu hakumdai mjomba wako hata punje. Ukoo mzima ulimsifu kwa uvumilivu. Mimi niliyekwenda shule na sketi yenye viraka hadi mwaka uliofuata sikumsifu, na sijamsifu hadi leo, Mungu amrehemu. Alibeba jina lake vizuri sana dukani. Nyumbani aliliacha deni likae juu ya mtu ambaye hakula hata biskuti moja. Na mjomba wako, ukimsikiliza, hadi leo anakisimulia kisa kile kama cha kuchekesha.

Ulitaka nikuhukumieni. Ulimi unaniwasha kusema, na nikiendelea kuandika nitasema. Lakini ninyi nyote wawili ni wangu, na nilishawahi kumsomea ndugu yangu makosa yake mbele ya watu. Sitaki kusoma tena.

Leo hii badilisha nenosiri la barua pepe yako. Ile simu ya nyumbani bado imefunguka kwa jina lako, nimeiona mwenyewe. Mdogo wako atakupigia Jumapili tukitoka kanisani, na sijamfundisha la kusema. Kuku wake unawajua, wameongezeka. Kaeni mpange wenyewe, kisha mniambie mlichokubaliana.

Mama yako.