Mbwa wa rangi ya mchanga mfungeni bluu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza tunachaguaje rangi ya nguo inayoendana na manyoya ya mbwa. Mie ni mlinzi wa nyumba ya wageni hapa Jambiani, Unguja, na wenzangu wa zamu ni mbwa wawili: mmoja mweusi tii, mwengine rangi ya mchanga. Kwangu, rangi nzuri ni ile inayomfanya mbwa aonekane.

Huyu wa mchanga akijilaza pwani, humwoni mpaka umkaribie kumkanyaga. Wageni humfunga vitambaa vya krimu na kahawia, wakisema vinaendana naye. Vinaendana, ndiyo maana anapotea! Mie humfunga bluu iliyokoza. Inamtoa, na juu ya manyoya ya kimanjano inapendeza hasa. Isitoshe, bluu na njano ndizo rangi anazozitambua vizuri mbwa mwenyewe. Nyekundu na kijani hazipambanui. Kwa hiyo anayesema mbwa wake anapenda nyekundu, anayeipenda ni yeye.

Mweusi kazi yake ni usiku, na njiani kuna gari na bodaboda. Damu ya mzee inampendeza mchana, lakini jua likizama nayo ni nyeusi tu. Yeye humfunga rangi ya chungwa. Nimemshonea na kipande cha utepe unaong'aa, nilichokitoa kwenye kizibao kilichochakaa cha dereva wa bodaboda. Taa ikimpiga tu, anaonekana toka mbali.

Mchana wa kaskazi simvishi yeyote kitu cha kufunika mgongo. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, hujipoza kwa kuhema ulimi nje, na nguo nzito ya rangi ya kiza juani itamchemsha. Kitambaa cha shingo kinatosha.

Kwa mwenye mbwa mweupe, kipande cha khanga ya kisutu, na wekundu na weusi wake, hakina mfano. Kiroweke kwanza mpaka maji yatoke safi, kisije kikamchujia shingoni. Mwenye madoa mvike kitambaa kitupu, maua juu ya madoa ni fujo. Na khanga yoyote, kata uondoe jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Mbwa akikatiza mtaani na fumbo shingoni, hakosekani jirani wa kusema kaandikiwa yeye.

La mwisho ni kufua. Sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara 7, moja kwa udongo, kwa hiyo vitambaa vyao vina beseni lao na kamba yao nyuma ya banda. Hata hivyo nguo huchanganyika, hasa mvua ikinyesha na kila mtu akianua mbio mbio. Ndiyo maana nikachagua rangi ambazo humu ndani hazina mwenyewe. Shuka zetu ni nyeupe, kanzu zetu nyeupe na za rangi ya maziwa, na hakuna anayevaa chungwa.