Kanzidata ya uhasibu isiyo na maelezo: fuata muamala mmoja, si majina ya majedwali

Mkuu, umesema programu yenu ya uhasibu ina majedwali mamia kwa mamia, maelezo hakuna, na bosi anataka ripoti ya wadaiwa kwa umri wa deni. Kazi hii nimeifanya kwenye mifumo kadhaa. Usianze kwa kukisia majina ya majedwali. Anza na muamala mmoja unaoujua mwanzo hadi mwisho.

Omba nakala ya kanzidata irejeshwe pembeni pamoja na programu yake, ile ya kazi usiiguse. Humo ingiza ankara moja yenye kiasi kisicho cha kawaida, tuseme 7,431.19. Kabla ya kuihifadhi, chukua idadi ya rekodi za kila jedwali. Ukishahifadhi, hesabu tena. Yaliyoongezeka ndiyo yanayokuhusu, na utashangaa yalivyo machache. Kisha kitafute kile kiasi kwenye kila kolamu ya namba. Orodha ya kolamu zote utaipata INFORMATION_SCHEMA.COLUMNS, iwe kanzidata yenu ni SQL Server, PostgreSQL au MySQL. Usipokiona, jaribu 743119, maana zipo programu zinazotunza senti kwa namba nzima. Baada ya hapo ipeleke ankara kwenye leja, angalia tena. Ilipe nusu, angalia tena. Kwa ripoti ya umri wa deni, hatua hiyo ya malipo ndiyo muhimu kuliko zote: lazima kuwe na jedwali linalosema malipo haya yamekata ankara ipi. Bila hilo utajua mteja anadaiwa ngapi, ila hutajua deni ni la lini.

Kuhusu uhusiano kati ya majedwali, wengi hukimbilia sys.foreign_keys (orodha ya SQL Server ya funguo, yaani kolamu zinazounganisha jedwali na jingine) na kukuta patupu. Hiyo haina maana kwamba uhusiano haupo. Programu nyingi za siku nyingi hazikutangaza funguo ndani ya kanzidata. Msimbo wa programu wenyewe ndio unaosimamia. Kwa hiyo kila muunganisho uthibitishe: tafuta mistari isiyo na kichwa (yaani rekodi za undani zisizo na hati yake kwenye jedwali la hati), na hesabu kama rekodi zimeongezeka baada ya kuunganisha.

Mfano ni SAP, programu ya kampuni kubwa. Humo jedwali la BKPF ni kichwa cha hati, BSEG ni mistari yake, na funguo za kuyaunganisha ni nne: MANDT (eneo la mfumo), BUKRS (kampuni), BELNR (namba ya hati) na GJAHR (mwaka wa fedha). Ukiisahau GJAHR, hati ya mwaka huu inaweza kushika mistari ya hati ya mwaka jana yenye namba ileile. Jumla inavimba na hakuna ujumbe wa kosa utakaouona. Tena kiasi kilicho kwenye kolamu ya DMBTR hakina alama ya kutoa. Kolamu ya SHKZG ndiyo inayokuambia, S ni debiti, H ni krediti.

Dynamics GP, programu ya uhasibu ya Microsoft, nayo ina lake. Miamala ya leja ya mwaka ulio wazi iko GL20000, ya miaka iliyofungwa iko GL30000. Ukisoma moja tu, ripoti ya kulinganisha miaka itatoka na pengo. Na namba ya akaunti huikuti humo, kuna ACTINDX (namba ya ndani ya akaunti) unayoipeleka jedwali la GL00105 kupata namba yenyewe.

Odoo, programu nyingine ya biashara, ni nyepesi zaidi: account_move (hati) na account_move_line (mistari yake). Tangu toleo la 13 hata ankara ziko humohumo. Chuja tu state = 'posted', la sivyo rasimu zitaingia kwenye mapato.

Kabla hujampelekea bosi chochote, toa urari (orodha ya salio za akaunti zote) kutoka ndani ya programu kwa tarehe moja, kisha utoe wako kwa kwiri (amri ya kusoma kanzidata). Linganisha akaunti moja moja, usitosheke na jumla, kwa sababu debiti na krediti zinaweza kulingana hata kama umeacha hati nzima. Kisha salio la akaunti ya wadaiwa kwenye leja lilingane na jumla ya ripoti yako ya umri wa deni. Lisipolingana, angalia kwanza malipo ambayo hayajapangiwa ankara.

Tuambie ni programu gani na toleo lipi, pamoja na majedwali yaliyoongezeka baada ya ankara ya majaribio, tuendelee kuanzia hapo.