Tutajuaje kama dagaa wanapungua kweli? Jibu kwa katibu wa BMU, Uvinza

SWALI

Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni katibu wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi, katika mwalo mmoja (mahali boti zinaposhusha samaki) wa Ziwa Tanganyika, wilaya ya Uvinza, mkoani Kigoma. Kwa miaka sita tumekuwa tukiandika beseni za dagaa zinazoshuka kila asubuhi. Tukijumlisha, mwaka wa mwisho haujapishana sana na wa kwanza. Wazee wanasema dagaa wamekwisha. Vijana wanasema kufungwa kwa ziwa mwaka 2024 kumewarudisha. Kila upande unataka daftari lituamue. Tena maji yamepanda, nguzo tuliyokuwa tukipimia kina imezama. Tupime nini, na kwa njia gani, sisi tusio na mashine wala bajeti?

JIBU

Ndugu Katibu, salamu kwako na kwa wanakamati wote. Miaka sita ya kuandika kila asubuhi ni hazina, na nitakuomba mwishoni usiache hata daftari moja liliwe na mchwa. Lakini kwa ugomvi mliokuwa nao, jumla ya beseni peke yake haiwezi kuamua. Jumla inaeleza kilichofika mwaloni. Ili ijulikane kilichobaki ziwani, lazima ijulikane pia nguvu iliyotumika kukileta.

Chukua mfano wa tarakimu za kubuni. Giza moja, yaani kipindi cha usiku usio na mbalamwezi ambapo dagaa huvuliwa kwa taa, boti 20 zimetoka usiku 18: hizo ni safari 360. Zimeleta beseni 1,800, yaani beseni 5 kwa kila safari. Miaka mitano baadaye, giza la mwezi uleule, boti ni 32 na usiku ni 18: safari 576, beseni 1,900. Jumla imepanda, na kila mtu mwaloni atasema mambo ni mazuri. Lakini kila safari sasa inarudi na beseni 3.3. Mwenye boti analipa mafuta na vibarua vilevile kwa mzigo uliopungua kwa theluthi. Wazee wenu huenda wanaisema hesabu hii bila kuiandika.

Kwa hiyo safu ya kwanza ya kuongeza ni idadi ya boti zilizotoka, zikiwemo zilizorudi mikono mitupu. Hapa ndipo madaftari mengi ya mialo yanapopotosha, na nalisema kwa uzito: mwandishi husimama penye mzani, boti isiyo na kitu haipiti penye mzani, basi haiandikwi. Kadiri samaki wanavyopungua, ndivyo safari tupu zinavyoongezeka na ndivyo zinavyotoweka kwenye kumbukumbu. Wastani unabaki mzuri kwa sababu waliokosa hawamo. Mwandishi ahesabu boti jioni zikitoka, azihesabu tena asubuhi, na kila isiyoleta kitu aiandikie sifuri.

Safu ya pili ni taa. Dagaa hutembea kwa makundi na mwanga huwavuta. Boti iliyokuwa ikitoka na karabai leo inatoka na taa za sola au za betri, na mara nyingi ni nyingi kuliko zamani. Safari moja ya sasa, basi, si safari moja ya wakati ule. Zaidi ya hapo, hata samaki wakipungua ziwa zima, taa itaendelea kuwakusanya waliobaki chini ya wavu, na mavuno kwa safari yanaweza kuonekana thabiti kwa muda mrefu kabla ya kuporomoka ghafla. Ndiyo maana nashauri muandike pia idadi ya taa, aina ya wavu na ukubwa wa macho yake, muda wa kutoka na kurudi, na umbali kwa makadirio ya nahodha: karibu, katikati, mbali. Mkiona boti zinakwenda mbali zaidi na kukesha zaidi kwa beseni zilezile, hiyo ni dalili ya mapema kuliko kushuka kwa beseni zenyewe.

Beseni nalo lipimwe. Limejaa hadi wapi? Pimeni kwa mzani beseni kumi za siku tofauti, mpate wastani wa kilo, na mrudie kila mara aina ya beseni inapobadilika. Dagaa mbichi na wakavu wasichanganywe katika safu moja, kwa kuwa wakikauka hupoteza sehemu kubwa ya uzito. Na watenganisheni kwa aina. Ziwa Tanganyika lina dagaa wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae anayekaa zaidi maji ya wazi na Limnothrissa miodon anayesogea zaidi pwani, na migebuka ambao huwala hao dagaa. Wavuvi wenu wana majina yao kwa kila mmoja. Tumieni hayo hayo. Uwiano kati ya dagaa na migebuka ukibadilika miaka ikipita, kuna jambo ambalo jumla isingelionyesha.

Mara moja kila giza, choteni dagaa 100 bila kuchagua, muwapime urefu kwa rula ya shule, kila mara kwa namna ileile. Stolothrissa ni samaki wa maisha mafupi, ni nadra kuzidi sentimita 10, na huanza kuzaa akifikia takriban sentimita 7. Wadogo wakizidi msikimbilie kulaumu: huenda ni msimu wa vifaranga tu. Linganisheni Oktoba na Oktoba. Na kwa kuwa kizazi chake hugeuka haraka, hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Miaka miwili mibaya haithibitishi kuwa wamekwisha, wala miwili mizuri haithibitishi kuwa wamerudi.

Hilo linatufikisha kwenye madai ya vijana. Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Miezi hiyo ndiyo miezi ya kusi, upepo unaolisukuma ziwa na kuinua virutubisho kutoka chini, na uzalishaji wa chakula cha dagaa huongezeka. Mavuno makubwa ya mwishoni mwa Agosti na Septemba yanaweza kuwa kazi ya kufunga, kazi ya kusi, au ni wale tu ambao hawakuvuliwa kwa miezi mitatu. Wiki za kwanza baada ya kufungua, kwa maoni yangu, ziwekwe kando kabisa. Angalieni mavuno kwa safari ya Oktoba hadi Aprili, myalinganishe na miezi hiyohiyo ya miaka ya kabla. Mimi naunga mkono kupumzisha ziwa, na kwa sababu hiyo hasa nataka ushahidi wake uwe mgumu kupingwa.

Tena, kupungua kukithibitika, msiweke lawama yote kwenye wavu. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, lakini oksijeni hufika takriban mita 100 hadi 200 tu kutoka juu. Virutubisho vimelala chini huko, na maji ya juu yanapopata joto huwa mepesi zaidi, hivyo kuchanganyika na ya chini kunakuwa kugumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulikadiria kuwa uzalishaji wa ziwa umeshuka kwa takriban asilimia 20 kutokana na hali hiyo. Basi ongezeni safu ndogo ya upepo: kusi kali, wastani, au hakuna.

Kuhusu nguzo iliyozama: msianze upya, unganisheni. Tafuteni mwamba au ukuta wa gati usiotikisika, choreni mizani ya sentimita kwa rangi ya mafuta, hadi juu kuliko maji yalikofika. Kama ncha ya nguzo ya zamani bado inafikiwa kwa kijiti, someni zote mbili asubuhi moja tulivu. Tofauti yake ndiyo daraja kati ya kumbukumbu za zamani na mpya. Ziwa hufika juu kabisa karibu na Aprili na Mei mvua zinapoisha, hushuka hadi Oktoba au Novemba, na tofauti hiyo ya msimu peke yake hukaribia mita moja. Picha ya ufukwe ya Mei ikiwekwa kando ya ile ya Oktoba inaweza kumtisha mtu bure.

Picha za setilaiti zitawasaidia kwa ufukwe, si kwa samaki. Za setilaiti za Landsat zenye chembe za mita 30 (yaani kila nukta ya picha ni mita 30 za ardhi) zipo tangu miaka ya 1980, za Sentinel-2 zenye chembe za mita 10 tangu 2015, na zote ni bure. Chagueni za Juni hadi Septemba, mawingu yakiwa machache. Kwa subira ya wazee, wakumbusheni kuwa ziwa hili lina tabia ya kubadilika: miaka ya 1870 maji yalipanda sana hadi yakafungua njia ya mto Lukuga upande wa Kongo, kisha yakashuka kwa takriban mita 10 katika miaka isiyozidi ishirini.

Jambo moja zaidi. Dagaa hawajui mpaka, na ziwa ni la nchi nne. Mwalo mmoja hauwezi kulisemea ziwa zima. Peleka nakala kwa afisa uvuvi wa wilaya na kwa TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) Kigoma, ili tarakimu zenu zikae pamoja na za mialo mingine. Madaftari ya zamani yapigeni picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya mvua. Hata bila safu ya boti yanaweza kuokolewa: orodha ya leseni na ya ushuru wa mwalo itawaambia boti zilikuwa ngapi kila mwaka. Anzeni na hilo, kisha giza lijalo mwandishi ahesabu boti jioni, na unitumie kurasa za giza hilo tuzipitie pamoja, tukianza na sifuri.