Ekstensheni inanuka, ninunue mtungi gani wa kuzimia moto?

Dada, hiyo harufu ya plastiki unayoisikia ukiwasha birika na jiko la umeme pamoja si ya kusubiri mwisho wa mwezi. Piga hesabu: ekstensheni ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 inabeba wati 3,000 hivi. Birika peke yake wati 2,000, jiko la sahani moja 1,500. Umeshapitiliza, na friji bado hatujaijumlisha. Ichomoe uangalie plagi: ikiwa imebadilika rangi kuwa kahawia au imelainika, tupa, usizungushie selotepu. Jiko lipe soketi yake ya ukutani.

Mtungi chukua wa unga mkavu au wa hewa ya ukaa. Wa maji achana nao, utapigwa shoti. Wa unga una geji, mshale uwe kwenye kijani. Utundike karibu na mlango, si juu ya jiko kama nilivyokuta kwa shemeji yangu (moto ukiwaka ataufikiaje?). Ikitokea, kwanza zima swichi kuu. Moshi ukishajaa, toka na watoto, piga 114, namba ya Zimamoto Tanzania.