Kabla Hujafungua Duka Mkoani, Soma Sensa Mbili

Marehemu baba alizoea kusema, "Baada ya Dar ni Tanga." Hakukosea. Sensa ya 1967 iliikuta Tanga na watu wapatao 61,000, Mwanza haijafika hata 35,000, na mkonge ulikuwa bado unalipa. Mwenye kosa ni mimi, niliyebeba maneno ya miaka ya sitini kwenda kufungulia duka la vifaa vya ujenzi. Tena nilipeleka na saruji, Tanga, mji wenye kiwanda cha saruji! Nilifunga kabla ya kodi ya mwaka wa pili.

Ndiyo maana nakwambia, usiridhike na sensa moja. Moja hukuonyesha mji umekaa nafasi ya ngapi; mbili ndizo zinazokuonyesha unaelekea wapi. Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 410,956 mwaka 2012. Serikali ikaanza kuhamia huko 2016, na sensa ya 2022 ikahesabu 765,179. Tanga nayo imekua, ila wenzake wameipita.

Kuna kanuni iitwayo ya Zipf: mji wa pili hukaribia nusu ya ule wa kwanza, wa tatu theluthi. Usiitegemee sana hapa kwetu. Mwanza, ukijumlisha wilaya zake za mjini, Nyamagana na Ilemela, ina watu milioni 1.1 hivi, Dar ina 5,383,728. Hiyo ni moja ya tano, nusu iko mbali.

Halafu uliza mpaka unapita wapi. Hapa ndipo wengi tunapoumia. Jiji la Dodoma limekumbatia hadi mashamba ya zabibu, kwa hiyo si kila aliyehesabiwa humo ni mteja wa mjini. Dar ni kinyume chake. Kati ya 2012 na 2022 iliongezeka chini ya robo, ukadhani imechoka. Sasa tazama Pwani, mkoa jirani: kutoka milioni 1.1 hadi milioni 2.02. Watu wamefuata viwanja, wakavuka mpaka wa mkoa bila hata kuuona.

Duka langu sasa liko Vikindu, wilaya ya Mkuranga, hukohuko Pwani. Wateja wangu wengi wanapanda daladala alfajiri kwenda kazini mjini, na ukiwauliza wanaishi wapi wanakujibu Dar. Jumamosi wanakuja kununua nondo na mabati.