Filamu haijafungwa jela, kwa nini iachiliwe?

SWALI: Mwalimu, asalamu alaikum. Sisi ni kikundi cha vijana wa Kisauni. Tumemaliza filamu ya dakika 70, na tuna kipindi cha televisheni cha sehemu sita kitakachofuata. Mwenzetu ameandika tangazo hili la bango na la gari la vipaza sauti: "Madau Matatu yataachiliwa usiku wa Ijumaa saa 7. Usikosee! Hivi karibuni katika ukumbi ulio karibu nawe." Naona lina kasoro lakini nashindwa kuzitaja. Tuseme itaachiliwa, itazinduliwa, itatoka au itaonyeshwa? Na hao tunaowaita ni hadhira, watazamaji ama mashabiki? Onyesho ni Ijumaa tarehe 14 Agosti, Ukumbi wa Tononoka, saa moja jioni, kiingilio shilingi 200.

JIBU: Waalaikumu salamu. Jicho lako halikukudanganya. Tangazo lina kasoro sita, na mbili kati yake zitawafanya watu wakose onyesho hata kama wamelipenda. Naanza na hizo mbili, ingawa hukuziuliza.

"Saa 7 usiku" kwa Kiswahili ni saa ambayo mji umelala. Ukumbi utakuwa umefungwa na mlinzi amejikunyata. Mwandishi wenu aliona 7 kwenye simu, akaihamisha jinsi ilivyo. Saa ya simu yenu inahesabu kwa Kizungu, kwa hiyo kila saa lazima itolewe au iongezwe sita kabla ya kuandikwa: 14:00 ni saa nane mchana, 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni, 19:00 ni saa moja jioni, 22:00 ni saa nne usiku. Bango likiwa na nafasi, andika "saa moja jioni" kwa maneno, kisha 19:00 kwa tarakimu pembeni. Msiandike "7 jioni". Hiyo si saa ya Kiswahili wala ya Kizungu, na kila msomaji ataitafsiri anavyojua.

Kasoro ya pili ni ya Mombasa hasa. Kwa wazee wetu wengi, siku mpya huanza jua likizama. Kwa hesabu hiyo "usiku wa Ijumaa" ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya Magharibi, usiku ambao watu husoma Yasini. Kijana wa Bamburi atafika Ijumaa. Bibi yake wa Mji wa Kale atakuwa amekwisha kuwatafuta tangu jana yake. Andikeni "Ijumaa, tarehe 14 Agosti, saa moja jioni", na utata umekwisha.

Kwa kuwa tuko hapo, nichomekee jambo lisilo la lugha. Mwezi wa Agosti jua la Mombasa huzama mnamo saa kumi na mbili na dakika 25 jioni, na Isha huingia saa moja na nusu na kitu. Filamu ya dakika 70 ikianza saa moja itakatwa katikati na watu wanaotoka kuswali. Kusogeza mbele hadi saa mbili na robo usiku kutawasaidia kuliko neno lolote nitakalowapa. Mkiamua hivyo, "baada ya Isha" ni maneno mazuri ya kuongeza, lakini yasisimame peke yake bila saa, maana nyakati za swala husogea mwaka mzima.

Sasa vitenzi ulivyouliza.

Kuachilia ni kumfungua aliyefungwa au kulegeza kilichoshikwa: mahakama humwachilia mshukiwa, mvuvi huachilia kamba. "Filamu itaachiliwa" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Najua vijana husema msanii "ameachia ngoma", na kwa muziki usemi huo umekwisha kuzoeleka mtaani, sitagombana nao. Lakini bango lenu linasomwa pia na mama anayeuza viazi karai Kongowea, na yeye ndiye mwenye shilingi 200 na watoto watatu wa kuleta. Mwandikieni anachokisikia kila siku.

Kutoka ni kuwa tayari na kupatikana. "Filamu imetoka" maana yake imekamilika na watu wanaweza kuipata, popote ilipo. Ni neno zuri la mtandaoni na la mazungumzo, lakini halimwambii mtu aende wapi.

Kuzindua ni kufungua jambo rasmi, na hufanyika mara moja. Hapa wanahabari wetu hujikwaa sana: filamu huzinduliwa Nairobi mwezi wa tano, kisha inasemekana "yazinduliwa Mombasa" mwezi wa saba, kisha Malindi mwezi wa nane. Likishazinduliwa, jambo limezinduliwa, kwingineko huonyeshwa. Kama Tononoka ndiyo mara ya kwanza kabisa, na kuna mgeni rasmi, hotuba na waigizaji jukwaani, basi huo ni uzinduzi na mna haki ya neno hilo. Kama mlishaionyesha kwa wenzenu chuoni mkachukua kiingilio, semeni "onyesho la kwanza Tononoka" na hakuna atakayewadai.

Kuonyeshwa ndilo neno lenu la kazi. Linadai mahali na saa, na hivyo linamlazimisha mwandishi avitaje. (Onyesha na onesha yote yanaandikwa, chagueni moja, msichanganye ndani ya bango moja.) Kipindi chenu cha televisheni kitachukua kitenzi kingine: kitarushwa hewani, au kama wasemavyo watangazaji wetu, kitapeperushwa. Mkikipandisha mtandaoni, kitawekwa au kitapakiwa. Kwa hiyo neno moja halitatosha kwa miradi yote miwili, na tangazo linalosema "filamu na kipindi chetu vitazinduliwa" litamwacha mtu akisubiri kipindi Tononoka na filamu kwenye runinga.

Upatanisho nao haukukaa sawa. Mwenzenu aliona Madau, akaandika "yataachiliwa". Madau ni vyombo. Hapa si vyombo vinavyoonyeshwa bali filamu yenye jina hilo, na filamu ni ya ngeli ya I-ZI. "Madau Matatu itaonyeshwa" ni sahihi, lakini masikioni inakwaruza, hasa ikisikika kwenye kipaza sauti ambako hakuna herufi za mlazo za kuonyesha kwamba ni jina. Dawa yake ni kutanguliza neno filamu: "Filamu ya Madau Matatu itaonyeshwa". Kwa kipindi fanyeni vivyo hivyo: "kipindi cha… kitarushwa".

"Usikosee" ni kosa la herufi moja lenye madhara. Kukosa ni kutokuwepo au kutopata. Kukosea ni kufanya kosa au kumkosea mtu adabu. Tangazo lenu linamwonya mtazamaji asikosee, naye hajui atakosea nini. "Usikose", au "msikose" kwa wengi.

"Hivi karibuni" huenda mbele na nyuma. Filamu iliyotoka hivi karibuni tayari iko; itakayotoka hivi karibuni haijafika. Kitenzi ndicho kinachoamua, na kwenye bango lenu maneno hayo yamesimama bila kitenzi. Mbaya zaidi, yamekuja baada ya siku na saa: mtu aliyekwisha ambiwa Ijumaa anaambiwa tena "karibuni", anaanza kushuku ile Ijumaa. Maneno hayo yana nafasi yake kwenye kionjo cha wiki sita kabla, tarehe ikiwa bado haijathibitishwa, na hata hapo "Inakuja Agosti" yana nguvu zaidi. "Ukumbi ulio karibu nawe" huandikwa na kampuni yenye kumbi nyingi. Nyinyi mna mmoja, utajeni.

Gari la vipaza sauti lina hesabu yake. Likienda kilomita 20 kwa saa, linapita mita tano na nusu hivi kila sekunde. Mtu aliyesimama dukani akilisikia vizuri kuanzia mita 40 kabla halijamfikia hadi mita 40 baada ya kumpita, amepata sekunde 14 au 15. Msemaji anayetamka wazi hutoa kama maneno mawili kwa sekunde. Mna maneno yasiyozidi 30, basi, na hayo yawe mzunguko mzima, si nusu ya hotuba. Jaribuni haya:

"Filamu mpya, Madau Matatu! Ijumaa, tarehe kumi na nne Agosti, saa moja jioni. Ukumbi wa Tononoka. Kiingilio shilingi mia mbili. Tiketi mlangoni."

Ni maneno 22. Tarehe isiachwe hata kama siku imetajwa: Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Jumamosi zote huanza sawa, na kipaza sauti kikichanganyika na honi za matatu za Mwembe Tayari, mwisho wa neno ndio unaopotea kwanza. Ijumaa ina bahati, lakini wiki ijayo mtatangaza siku nyingine. Redioni mna nafasi kubwa zaidi. Nusu dakika hubeba maneno 55 hadi 65 kwa mwendo wa kawaida, na hapo ndipo mnaweza kueleza kisa.

Mkifika kwenye kisa, angalieni kitenzi husu. "Filamu inahusu nahodha mmoja" huandikwa sana, lakini kwa kiumbe hai tunatia kiambishi: "inamhusu nahodha mmoja". Na "inazungumzia kuhusu" ni mzigo mara mbili. Ama inazungumzia dhuluma, ama inazungumza kuhusu dhuluma. Katika taarifa ya magazeti epukeni kujipigia debe kwa maneno hayo hayo. Mwandishi wa habari anaweza kuandika kwamba mnaipigia debe filamu; nyinyi wenyewe semeni mnaitangaza. Kunadi kunanukia mnada, na kuvumisha kumekaa jirani mno na uvumi.

Hadhira, watazamaji au mashabiki? Hadhira ni kundi lililokusanyika au linalokusudiwa. Ni neno la taarifa na la kitabu: "hadhira tunayoilenga ni vijana wa miaka 16 hadi 25". Kwenye bango halimwiti mtu yeyote. Mtazamaji ni yule anayetazama, na ndilo neno la jumla. Shabiki ni aliyekwisha penda. Kuwaita watu mashabiki wa filamu ambayo hawajaiona ni kuwatangulia. Mkisha kuwa na msimu wa pili wa kipindi, litumieni mpendavyo. Kwenye bango lenyewe hamhitaji hata moja. "Karibuni nyote" inatosha, na kwa Mombasa ndiyo lugha ya mlangoni.

Kipindi chenu kiiteni kipindi au mfululizo. "Tamthilia" Tanzania imeenea kwa michezo ya runinga, lakini mzazi wa Kenya akisikia "tamthilia mpya" huwaza kitabu cha shule. Gawanyeni kwa msimu na sehemu: "msimu wa kwanza, sehemu ya 3", si "sehemu ya 3 ya 1". Maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha ni manukuu. "Vichwa vidogo" ni vya magazeti.

Mstari wa umri ndio watu huandika mwisho, wakiwa wamechoka. Bodi ya kuainisha filamu nchini hukagua filamu pamoja na bango lake, kwa hiyo sahihisheni lugha kabla ya kuwasilisha, maana bango likishaidhinishwa na kuchapwa, kila herufi mtakayobadilisha ni gharama. Madaraja ni GE kwa watazamaji wote, PG kwa watoto wakiwa na mwongozo wa mzazi, kisha 16 na 18. Mkipewa 16, msiandike "Chini ya miaka 16" mkaishia hapo. Nimeeleza mara nyingi kwa nini: mzazi ataelewa kwamba filamu ni ya walio chini ya miaka 16, na atawaleta. Andikeni "Hairuhusiwi kwa walio chini ya miaka 16", kwa herufi zinazosomeka kutoka upande wa pili wa barabara, na mtu wa tiketi awe anajua mstari huo unasema nini.