Randa yangu ni huduma, na mashine yako ya kuchomelea pia

Juzi usiku kijana mmoja wa Ngaramtoni kanitumia meseji ndefu, anasema Bwana asifiwe kaka, mimi ni fundi wa kuchomelea, nataka niache niende chuo cha Biblia, maana kanisani kwetu wenye huduma ni waimbaji na wahubiri, sisi wengine tunakumbukwa geti likivunjika. Nimeisoma mara tatu. Hayo maneno miaka kumi iliyopita ningeyaandika mimi mwenyewe hapa Moshi.

Mi ni seremala. Nilifundishwa Majengo na mzee mmoja ambae hakuachii ushike randa mpaka umefagia maranda weee mpaka umechoka, hiyo stori tuiache. Nilipoanza kujitegemea usharika wakaniomba mimbari kabla ya Krismasi, nikasema kazi nafanya bure, nyie leteni mbao. Ikaletwa grevilea imetoka kukatwa shambani kwa muumini, mbichi kabisa, ukiranda maranda yanatoka na unyevu yananata mkononi. Nilijua kabisa haifai. Nikanyamaza kwasababu nilitaka Krismasi watu waione na waseme ni kazi ya nani.

Ikapendeza kweli. Siku ya kuiweka wakfu wakasomwa wote waliochangia, aliyetoa saruji, aliyetoa soda, mimi sikutajwa, na mzee mmoja wa kanisa nikamsikia kwa masikio yangu anasema "ah, yule ni fundi tu". Kufika Februari, na mnalijua jua la Moshi mwezi huo, ubao wa mbele ukapasuka kuanzia pale Biblia inapokaa mpaka katikati ya msalaba niliouchonga, ufa wa kuingiza sarafu. Hapo sasa ndo jina langu likatajwa. Karibu mwaka mzima sikukanyaga ibadani, na nikiwa mkweli bado inauma.

Kilichonirudisha ni Kutoka 31. Ndugu zangu someni hiyo sura taratibu. Mtu wa kwanza ambae Biblia inamtaja kwa jina na kusema Mungu amemjaza roho yake sio Musa wala Haruni, ni Bezaleli mwana wa Uri wa kabila la Yuda, fundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao, na akapewa mwenzake Oholiabu wa kabila la Dani. Haruni na ukuhani wake wote alisubiri mafundi wamshonee mavazi ndo aingie kazini! Halafu lile Sanduku la Agano la mti wa mshita alilolitengeneza Bezaleli lina vipimo, dhiraa mbili na nusu urefu, moja na nusu upana, moja na nusu kwenda juu. Sasa Mungu anaehesabu mpaka nusu dhiraa unadhani haoni ukimpelekea mbao mbichi?

Kwahiyo fundi mwenzangu, kausha mbao. Ukiletewa mbichi sema ni mbichi, hata kama mchungaji anataka Jumapili, hata kama sikukuu ni kesho, sema. Na ufundishe wengine, maana sura ya 35 inasema Mungu alimtia Bezaleli moyo wa kufundisha, hakumpa kipawa akakifungie stoo. Acha kusubiri kutajwa, mi nilisubiri nikaambulia uchungu.

Mwezi uliopita nimekabidhi altare ya mninga kwenye usharika mwingine. Mbao zilikaa zaidi ya mwaka nimezipanga na vipande katikati hewa ipite, mke wangu analalamika hana pa kuweka mahindi. Bibi mmoja akaja mbele baada ya ibada, akapitisha kiganja kwenye kona polepole, hakusema kitu, akarudi kukaa. Nililia nyuma ya kanisa.

Yule kijana nimemjibu asiache kazi. Jumamosi anapanda basi aje Moshi, nimemwambia abebe miwani yake ya kuchomelea, kuna reli ya ngazi ya mimbari inamsubiri, na mabomba nimeshanunua.